Namna ya Kuandika Maelezo ya Mtu Aliyeteswa Kizuizini

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana nchini Kenya, walinzi waliwapiga wazuiliwa 11 hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliouumbua uongo huo. Kwa hiyo, ukimpokea mtu aliyetoka korokoroni akiwa na alama za mateso, kwanza mpeleke kwa daktari, tena mapema, kwa maana michubuko hufifia upesi. Nchini Kenya chukueni pia polisi fomu ya P3, ambayo daktari huyaandika humo majeraha, na kama alitesewa kituo hicho hicho, nendeni kingine.

Piga picha mbili za kila jeraha: moja ya mbali inayoonyesha kiungo kizima, na nyingine ya karibu yenye rula pembeni. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushwe na kutiwa katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki huota ukungu.

Kazi ngumu zaidi ni kusikiliza. Kaeni faraghani, mweleze ni nani atakayeyasoma maelezo yake na kwa nini, naye akitaka kuacha katikati aachwe, maana aliyekwisha kulazimishwa kusema hastahili kulazimishwa tena, hata kwa nia njema. Muulize "Kisha ikawaje?", wala usimtilie maneno kinywani. Andika alivyosema mwenyewe, na usiinyooshe simulizi inayopindapinda: wengi waliopelekwa Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi lililokuwa na vyumba vya mateso, katika miaka ya 1980 walifungwa vitambaa machoni, na mtu aliyepitia hayo huweza kukumbuka harufu, baridi na vishindo vya viatu kuliko siku na saa. Anayemwita mwongo kwa sababu hiyo anamwonea mara ya pili.

Tenganisha aliyoyasema, uliyoyaona na aliyoyabaini daktari. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 wa kuchunguza mateso na kuyaandika, itakusaidia.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wazee 5,228 walioteswa enzi ya Mau Mau, na kesi yao ilipata nguvu kutokana na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Mafaili hayo yaliandikwa na maofisa wa utawala uliotesa, ndiyo maana nasisitiza kwamba aliyeteswa awe na karatasi zake: nakala moja kwa wakili, nyingine kwa mtu anayemwamini, na ya tatu abaki nayo iwapo nyumbani kwake ni salama.