Vifaa vya kufagia na kudeki nyumbani: angalia sakafu kwanza ndo utoe hela

Wengi wetu tukitaka vifaa vya usafi tunaanza na kifaa chenyewe, mtu anaona mopu ina ndoo ya kuzungusha, rangi nzuri, anabeba, akifika nyumbani nyumba nzima ni mbao na ile mopu inaacha maji kila inapopita. Anza na sakafu bana, hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Cha kwanza kujiuliza ni sakafu yako inavumilia maji kiasi gani. Tailzi na saruji iliyopigwa laini hazina noma, hata ukimwaga ndoo nzima ukasukuma na skwiza (ule mpira wa mpini mrefu wa kusukumia maji) fresh tu. Mbao na lamineti (zile mbao za kushindiliwa zenye picha ya mbao juu) hapana kabisa, maji yakipenya kwenye maungio ubao unavimba, na lamineti ikishavimba hairudi tena. Hapo unataka dekio linalokamulika mpaka linabaki na unyevu tu, likipita sakafu inakauka yenyewe baada ya dakika moja mbili hivi, ukiona bado kuna maji yanang'aa ujue hilo dekio haliifai. Vinaili, ile sakafu ya plastiki, juu haipitishi maji ila kwenye kingo na maungio yanaingia, kwa hiyo nayo usiilowanishe sana. Kama una jiwe la marumaru lenyewe (siyo tailzi za kuigiza marumaru), sahau siki na limao hata kama kila mtu anakwambia ni dawa ya kila kitu, tindikali inalila lile jiwe na mng'ao ukiondoka mpaka fundi aje asugue upya.

Tuje kwenye ufagio, ambao watu wanaudharau sana. Ukideki bila kufagia hujasafisha, umetengeneza tope jembamba umelisambaza nyumba nzima, alafu likikauka unaona michirizi unalaumu sabuni. Kwa sakafu laini ya ndani chukua wa nyuzi laini ambazo ncha zake zimechanikachanika, hizo ndo zinakamata vumbi jembamba badala ya kulirusha hewani, zile nyuzi nene ngumu ziache kwa ajili ya nje na saruji iliyoparuza. Ukiwa dukani usimamishe wima, mpini ukifika maeneo ya kidevuni uko sawa, ukiishia tumboni mgongo utakuambia. Kizoleo nacho kiangalie mdomo, kikiwa na ukingo wa mpira kinalala vizuri sakafuni, kisipokuwa nao utabaki na ule mstari wa vumbi unaousukuma nyuma, nyuma, nyuma, mpaka unaufuta kwa mguu.

Sasa dekio, na hapa ndo hela nyingi inapotea. Lile la nyuzi za pamba linabeba maji mengi na lina nguvu kwenye uchafu mzito, linafaa jikoni kwenye tailzi, kibarazani, ila ni zito, kulikamua ni kazi na linachelewa sana kukauka, likikaa limelowa kwenye ndoo siku nzima linaanza kunuka na ile harufu inahamia sakafuni. La sponji linafyonza maji vizuri, sema yale yanayokauka yakawa magumu lazima uyaloweke kwanza kabla ya kutumia, ukilikunja likiwa kavu linapasuka. Alafu kuna lile bapa la maikrofaiba, kitambaa kinavuliwa na kufuliwa. Mi kwa nyumba nyingi ningesema chukua hili na usifikirie sana, nyuzi zake ni nyembamba mno zinang'ang'ania uchafu hata kwa maji kidogo, likiwa kavu unaokotea vumbi na nywele, linaingia chini ya kitanda bila we kupiga magoti. Ila nunua na vitambaa vya akiba, vinne hivi, maana ukideki vyumba vyote na kitambaa kimoja unakuwa unahamisha uchafu wa jikoni kupeleka sebuleni. Na wakati wa kufua usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inafunika nyuzi na kitambaa kinaacha kushika vumbi, watu wanasema kimechakaa kumbe kimepakwa tu.

Kabla hujalipa uliza kitu kimoja, vitambaa au vichwa vya kubadilisha vinapatikana vyenyewe? Kama havipatikani basi hiyo ni mopu ya miezi michache hata iwe nzuri vipi.

Ndoo ziwe mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio, wengi wanaona ni usumbufu ila kwa ndoo moja kuanzia chumba cha pili unadekia maji machafu. Ile mistari ya katikati ya tailzi dekio haliiwezi, tafuta brashi ndogo ngumu ya nailoni, ya waya hapana, itachana tailzi.

Vakyumu, mashine ya kunyonya vumbi, unaihitaji kama una mazulia au mnyama anayenyonyoka manyoya, kama ni tailzi tupu ufagio unatosha kabisa. Ukinunua usidanganyike na wati, wati zinaonyesha umeme inaokula siyo nguvu ya kuvuta, mbili hizo haziendi pamoja kila mara. Za betri wanakuandikia dakika nyingi kwenye boksi ila mara nyingi ni kwa spidi ya chini, ukiweka ya juu chaji inakata mapema mno. Kama kuna mtu ana pumu au aleji ya vumbi tafuta yenye chujio la HEPA, hilo kwa kiwango chake linazuia 99.97% ya chembe za maikromita 0.3, bila hivyo mashine inanyonya vumbi mbele inalipuliza nyuma. Na kwenye mbao ile brashi inayozunguka izime, inachora. Mashine za mvuke ni za tailzi, ila kwenye mbao na lamineti usizisogeze hata kidogo.

Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiichanganye na siki wala na kitu chenye amonia, zikikutana zinatoa gesi ya sumu na bafuni hakuna pa kukimbilia.

Kama hela haitoshi nunua kwa mpangilio huu: ufagio laini na kizoleo, dekio bapa na vitambaa vyake, ndoo mbili, brashi, skwiza kama bafu linatuamisha maji. Mashine ije mwisho. Na kabla ya yote hayo tafuta msumari wa kutundikia dekio kichwa kikiwa juu sehemu yenye hewa, likisimamishwa kichwa chini kwenye kona hata lile la bei mbaya linaoza.