Jinsi ya kutumia "borrow" bila kuichanganya na "lend"

Panda matatu yoyote ya kwenda Rongai, hutakosa kusikia abiria akimwambia mwenzake, "Borrow me your charger." Nairobi nzima inaelewa. Kwenye insha au mahojiano ya kazi, hata hivyo, sentensi hiyo ni kosa, na huniuma kuona mtu hodari akipoteza alama kwa jambo linalorekebishika jioni moja.

Hatua ya 1: Weka kando kitenzi "azima". Kosa hili halitokani na uzembe. "Azima" yetu huenda pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, jirani, niazime jembe lako. Zote ni sahihi. Anayefikiria kwa "azima" hutarajia "borrow" nayo ifanye hivyo, na haifanyi.

Hatua ya 2: Shika "kopa" na "kopesha". Najua fedha ndizo hukopwa na kalamu huazimwa, lakini hapa tunataka kipimo tu. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Sisi tunaongeza -esha kwenye kitenzi kilekile; Kiingereza kinabadilisha kitenzi chenyewe. Ukisema "borrow me your pen" ni kama umemwambia mwenye kalamu akope kalamu yake, ilhali ulitaka akukopeshe. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mdomo, jiulize: anayetenda anapokea au anatoa? Anayepokea, "borrow". Anayetoa, "lend".

Hatua ya 3: Angalia kinachofuata kitenzi.

"I borrowed 5,000 shillings from the Sacco."
"The Sacco lent me 5,000 shillings."

Fedha ni zilezile, mtendaji amebadilika. Baada ya "borrow" taja kitu kwanza, kisha "from" na anayekopesha. Usiandike "borrowed to". "Lend" inaruhusu mtu afuate papo hapo: "lend me". Ukitanguliza kitu, weka "to": "lend it to me".

Hatua ya 4: Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent". "Lended" haipo.

Hatua ya 5: Kisichobebeka, tumia "use". Ukiwa mgeni, uliza "May I use your toilet?" Ukisema "borrow", ni kama unataka kuondoka nacho. Simu inakubali vyote viwili. Maneno nayo hukopwa bila kurudishwa, na bado "borrow" ni sahihi: "English borrowed 'safari' from Swahili."

Wamarekani hutumia pia "loan" kama kitenzi badala ya "lend", hasa kwa fedha. Ukiielewa unapoisikia, inatosha.

Sasa jaza:

a) Could you ___ me your umbrella?
b) She ___ two books from the McMillan library yesterday.
c) My sister ___ her laptop to a classmate last week.

Majibu: lend, borrowed, lent. Kama (c) imekushinda, tazama "to" iliyo katikati ya sentensi, kisha rudi hatua ya 3.