Barua ya mheshimiwa haimwingizi mtoto chuoni

Wazazi wa Masasi, Nachingwea na Newala, hela ya korosho isiishie kwenye nauli ya Dodoma kumtafuta mbunge amwandikie mtoto barua. Shahada za hapa nchini huangalia ufaulu wa kidato cha sita au stashahada, kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Barua ya mkubwa haina pa kuingia.

Anayeomba chuo Marekani ndiye mara nyingi huhitaji barua, na vyuo vingi huko vinataka ya mwalimu aliyemfundisha. Mkubwa asiyemjua ataandika “ni kijana mwadilifu”, basi. Mwalimu wa fizikia ataeleza alivyorudia jaribio la pendulamu mpaka majibu yakakubali. Hiyo ndiyo yenye uzito. Mfuateni mwalimu huyo mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, na matokeo mkononi.