Unarudi Nairobi na watoto wadogo? Anza na Kiswahili

Kama ulisomea 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), weka kando unayoyakumbuka: Darasa la Nane, matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, gazetini, na aliyevuta mkia kusomwa jina mbele ya shule nzima. Mfumo ule ulianza 1985, na KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Watoto wa siku hizi wanasoma mtaala wa umilisi, ambao mtaani kila mtu anauita CBC: chekechea miaka miwili (PP1 na PP2), msingi Gredi 1 hadi 6, kisha sekondari msingi Gredi 7 hadi 9.

PP1 huanza mtoto akiwa na miaka 4, Gredi 1 akiwa na 6. Hapa ndipo wazazi wa Uingereza huchanganyikiwa. Kule mtoto wa miaka 7 anaweza kuwa tayari yuko darasa la Year 3. Nairobi wa rika lake yuko Gredi 2. Hajarudishwa nyuma, hesabu za madarasa ndizo tofauti. Muhula wa kwanza nao hufunguliwa Januari, si Septemba, kwa hiyo ukihama Agosti utamwingiza mtoto muhula wa tatu, wenzake wakimalizia mwaka. Mimi ningesubiri Januari kama kazi inaruhusu.

Chekechea hawana mengi: lugha, hisabati, mazingira, dini na sanaa, sehemu kubwa kwa nyimbo na michezo. Gredi 1 hadi 3 wana Kiingereza, Kiswahili, hisabati, mazingira, dini, sanaa na michezo, pamoja na lugha ya mama. Gredi ya 4 mzigo unaongezeka: sayansi na teknolojia, kilimo, masomo ya jamii.

Hisabati haitamsumbua sana mtoto wako. Kiingereza atawapita wengi. Kitakachomliza ni Kiswahili. Kile cha jikoni kwenu, "kuja ukule" na "wacha kelele", kitamsaidia kucheza na watoto wa mitaa kama Umoja au South B, lakini darasani mwalimu anataka silabi zisomwe bila kukwama, umoja na wingi, maamkizi yenye adabu, na baadaye ngeli na insha. Anayeingia Gredi 4 bila kujua kwamba kiti kizuri kikiwa vingi ni viti vizuri atakuwa na kazi. Basi anza mwaka mmoja kabla ya kusafiri. Robo saa kila jioni inatosha: ba, be, bi, bo, bu kwa mdogo, hadithi fupi kwa mkubwa, asome kwa sauti. Nyanya yake akipiga simu, mwombe asimzungumzie Kiingereza. (Atajaribu tu, akitaka kuonyesha kwamba naye anakijua.)

Ripoti nayo usiitafutie nambari. Utaona kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, au mbali na matarajio. Mwisho wa Gredi 6 kuna tathmini ya KPSEA. Mtoto hafeli wala hazuiwi kuendelea, ila alama zake huchangia asilimia 20 atakapopangiwa shule baada ya Gredi 9. Anayekwambia tathmini hiyo ni bure, huyo hajausoma utaratibu vizuri.

Jiandae pia kwa kazi za nyumbani za mikono: kupanda mboga kwenye mkebe, kushona, kuchapisha picha kwenye saiba saa mbili usiku kwa sababu mtoto amekumbuka sasa hivi. Kabla ya kulipa karo, uliza shule vifaa vinagharimu kiasi gani kwa muhula, maana karo si bili yote. Kuna basi, chakula na sare.

Beba cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule aliyotoka. Cheti kinahitajika kumsajili kwenye mfumo wa wizara. Aliyezaliwa nje na mzazi Mkenya ni raia kwa kuzaliwa kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini mwandikishe ubalozini ungali huko. Foleni ya ubalozini ina nafuu kuliko kuhangaikia karatasi hizo Nairobi wiki ya kufungua shule.