SOMO: Kufundisha biashara na uongozi kwa filamu (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, salamu kutoka Mbeya, baridi inatukata masikio. Tangu nilipoteleza ulimi kwenye semina moja ya walimu nikasema nafundisha Biashara kwa filamu, simu yangu haipumui. "Mwalimu, nipe muvi nzuri." "Mwalimu, unafanyaje?" Naandika hapa mara moja. Atakayenipigia tena nitamrudisha huku.

1. Itazame mwenyewe kwanza, peke yako, mpaka majina ya mwisho yapite. Ukikuta kitanda mbele ya Kidato cha Pili usinitaje.

2. Ruhusa ya mkuu wa shule. Mwambie na mwalimu wa zamu.

3. Projekta, shuka jeupe lililopigwa pasi, sabufa. Spika za kompyuta zinaishia dawati la pili. Na washa maandishi ya chini ya picha, maana Kiingereza cha Marekani watoto hawakidaki, na mimi pia kuna mahali kinanipita.

4. Chagua kwa swali, usichague kwa umaarufu. Mtaji unatoka wapi? The Boy Who Harnessed the Wind (2019), habari ya William Kamkwamba wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu wakati wa njaa. Mtoto wa Kyela anayeona Malawi ng'ambo ya Kasumulu hahitaji kuelezwa njaa ya mahindi ni nini. Kipaji na umaskini? Queen of Katwe (2016), binti muuza mahindi wa Kampala anayecheza sataranji. Kiongozi anayepingana na watu wake mwenyewe? Invictus (2009), Mandela na timu ya raga. Kuongoza bila cheo? 12 Angry Men ya 1957, wazee wa baraza kumi na wawili wanaamua kesi ya mauaji, kumi na mmoja wanasema mshtakiwa ana hatia, mmoja anakataa. Watalalamika haina rangi. Dakika kumi tu, halafu hutasikia hata kiti kikilia.

5. Kata. Kipindi ni dakika 40, ukiunganisha viwili 80. Hakuna filamu ndefu itakayoingia humo. Andika daftarini dakika unazotaka, onyesha vipande vitatu, mengine simulia kwa mdomo.

6. SIMAMISHA KABLA YA UAMUZI. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka wa kwanza niliwawekea Kidato cha Tatu The Founder, Jumamosi usiku bwaloni, mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ni ya Ray Kroc, muuza mashine za kuchanganya maziwa, aliyewakuta ndugu wawili McDonald kule San Bernardino, California, mwaka 1954, wakiuza chakula kwa kasi ya ajabu. Akaingia nao mkataba, akaueneza mgahawa, na mwaka 1961 akawanunua kwa dola milioni 2.7. Kwenye filamu wanaahidiwa na asilimia moja ya faida juu yake, kwa kupeana mkono tu, na hawaioni ng'o. Watoto wakapiga makofi. Nikalala nikijua somo limeingia.

Limeingia kweli! Klabu yetu ya ujasiriamali ilikuwa inatengeneza sabuni ya maji, na vipimo vilikuwa vya binti mmoja aliyefundishwa na mama yake. Wiki mbili baadaye wavulana wanne waliokuwa wanauza wakajinunulia slesi (ile dawa ya povu) na chumvi wenyewe, wakamtoa kwenye mgao. Nikawaita. Mmoja akanijibu kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mwalimu, kwani yule jamaa wa kwenye muvi aliandikishana nao?" Binti kasimama mlangoni na ndoo yake ya bluu, tupu. Niliangalia ile ndoo, sikuwa na la kusema. Nani aliyewafundisha?

Ukiiacha filamu iende yenyewe, watoto wanamfuata aliyeshinda. Kwa hiyo sasa naisimamisha pumzi moja kabla mhusika hajaamua. Kroc ananyoosha mkono: stop. Baba yake William anaombwa baiskeli ya familia ikatwe: stop. Mandela anaingia kwenye kikao ambacho tayari kimepiga kura ya kufuta jina na rangi za timu: stop. Wewe ungefanyaje, na nani ataumia?

Tahadhari. Waandike kwenye karatasi, wasinyooshe mikono. Wakinyoosha watamwangalia kiranja kwanza. Picha izime kabisa, maana sura ya mwigizaji ikiganda mdomo wazi watacheka mpaka kengele. Na usitoe jibu lako. Nililitoa mara moja, kesho yake nikasahihisha karatasi arobaini zenye maneno yangu.

7. Baada ya hapo watoke nje. Mimi nawapeleka soko la Mwanjelwa.

MASWALI

Mdau wa Chunya: Naomba orodha ya muvi za biashara mkuu.
Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Chunya: Nimeona, ila huwezi kunitumia zenyewe WhatsApp?
Jibu: Siwezi. Kazi ya watu hiyo, ina haki zake. Tafuta njia halali.

Mwalimu, Makambako: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kidato cha Kwanza, wadogo sana. Kwenye The Founder kuna kipande chochote kinachowafaa?
Jibu: Marahaba mwalimu wangu, umeuliza swali. Kuna pale ndugu wawili wanapochora jiko lao kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, ukubwa wake halisi, wanawaweka wafanyakazi wajifanye wanapika, wakigongana wanafuta na kuchora upya. Onyesha hicho tu. Kisha chukueni majivu, mkachore foleni ya ugali ya shule yenu kwenye uwanja wa netiboli. Wangu waligundua sahani na maji ya kunawa viko mlango mmoja, kila mtu anapishana na mwenzake. Mpishi alinuna siku mbili, halafu akahamisha ndoo. Ukifanya niandikie.

Kijana wa Iringa: Kila siku Marekani Marekani. Huo ni utumwa wa fikra.
Jibu: Hatua ya 4 inaanza na Malawi, inafuata Uganda, halafu Afrika Kusini. Hukusoma, umekuja kugomba.

Mama wa Tukuyu: Kwetu mvua ikipiga bati hata sabufa haisikiki. Tufanyeje baba?
Jibu: Pole mama, Tukuyu naijua. Filamu ziweke Juni hadi Septemba, waje na mablanketi. Kwenye masika soma nao kisa kwa mdomo tu.

Mdau wa Mbalizi: Vipi zile zilizotafsiriwa na ma-DJ wa kibanda umiza? Watoto wanazipenda.
Jibu: Zina raha yake, ila DJ anaongeza chumvi, mtu akisema "nitafikiria" yeye anatafsiri "nitakunyoosha". Jaribu hivi: kipande kimoja wakione kwa DJ, kisha chenyewe, wataje alichobadilisha. Kwenye mazungumzo ya bei inafaa sana.

Mdau wa Mbalizi: Duh, asante. Nyongeza: sisi klabu inauza bisi mlangoni, petroli ya jenereta inarudi.
Jibu: Hiyo naichukua.

Mwalimu, Njombe: Umeme ukikatika katikati?
Jibu: Ulishanikatikia, 12 Angry Men, pale pazuri. Mmoja anawaambia wenzake 11 wapige kura ya siri, yeye hapigi. Wakibaki wote na msimamo wao, anawafuata. Karatasi zinakusanywa, giza. Nikatafuta jenereta, haina petroli. Niliporudi na tochi ya simu nikawakuta wamejigawa pande mbili wanabishana gizani, kiranja kazidiwa na kabinti ka mwisho darasani. Nikakaa nyuma kimya. Kesho yake walikuwa mlangoni kabla ya kengele.