Kuset kabureta mbili za Honda CB350 ya zamani, hatua kwa hatua

Hii namuandikia mtu mwenye Honda CB350, zile za 1968 mpaka 1973, silinda mbili, cc 325, kabureta mbili za Keihin. Mi nafanyia kazi Ngamiani hapa Tanga na kila ikiingia moja gereji siku yangu inakuwa nzuri, ila karibu zote zinakuja zimeshachokonolewa kabureta na mtu ambaye hakuangalia kitu kingine chochote.

Kwahiyo shika hili kabla hujachukua bisibisi: kabureta ni ya mwisho kuguswa. Kuna mzee wa Chumbageni aliniletea ya kwake, sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) haikai, ukiachia mafuta resi, yaani kasi ya injini, zinabaki juu afu zinashuka kwa kujivuta. Nikazungusha skrubu siku mbili nzima. Siku ya tatu mzee kakaa kwenye kigoda ananiangalia, akasema, "Mwanangu, hiyo pikipiki inapumua pembeni, hebu sikiliza." Nikamwambia "sawa baba" nikainama, na kweli kulikuwa na kamlio kembamba kama mtu anafyonza meno. Mpira unaounganisha kabureta ya kushoto na silinda ulikuwa na ufa kwa chini, urefu wa ukucha, hauonekani mpaka uukunje. Nilibadilisha mpira ikatulia. Siku mbili za mzee zilipotea na iliniuma.

Hatua ya 1: moto (umeme wa plagi) na tapeti (nafasi za valvu). Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku. Tapeti ya kuingiza mm 0.05, ya kutoa mm 0.10. Pointi, zile swichi ndogo zinazokata umeme wa plagi, zifunguke mm 0.3 mpaka 0.4, na ziwe safi, maana huku pwani hewa ina chumvi na zinaota kutu upesi. Plagi acha nafasi ya mm 0.7. Filta ya hewa iwe mahali pake, usiset bila filta afu uirudishe, utakuwa umeset pikipiki nyingine.

Hatua ya 2: hewa ya wizi. Washa, chukua bomba la sindano la duka la dawa, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya ile mipira. Mlio ukibadilika hapo pana uvujaji, rekebisha kwanza.

Hatua ya 3: kusafisha. Shusha kabureta, fungua vikombe vya chini. Petroli iliyolala muda mrefu inaacha utando wa njano unanata kama gundi, na ukikuta unga mweupe ni maji yamekula aluminiamu. Toa jeti zote (vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli), piga dawa ya kabureta, malizia na upepo wa kompresa. Jeti ziinue uangalie kwenye mwanga, tundu lionekane duara kamili. Tafadhali usipitishe waya wa chuma, jeti ni shaba laini, ukikwangua tundu umeshabadilisha saizi yake na hakuna skrubu itakayokuokoa.

Hatua ya 4: daiframu. Hapa usiwe na haraka. Kabureta hizi waya wa akselereta hauinui pistoni ya kabureta, unafungua kipepeo tu (kibati cha kuziba njia ya hewa), pistoni inanyanyuliwa na mvuto wa hewa kupitia mpira mwembamba ulio juu, ndo daiframu yenyewe. Mpira ukitoboka pistoni haipandi vizuri, matokeo yake pikipiki inawaka vizuri, sailensi inakaa, ila ukivuta mafuta haina nguvu, na watu wanaenda kununua jeti kubwa bure. Toa mpira, unyooshe taratibu mbele ya taa, uzunguke wote. Ukisharudisha na kufunika, inua pistoni kwa kidole, ziba tundu la hewa la ule mpira, achia. Inatakiwa ishuke polepole. Ikidondoka mara moja mpira unavuja. Na ile dawa ya kabureta isiuguse huu mpira kabisa, unavimba na haukai tena kwenye mfereji wake.

Maboya yanayoelea kwenye vikombe yakague tu kama hayana petroli ndani (yatikise sikioni) na vimo vyao viwe sawa pande zote mbili.

Hatua ya 5: kuanzia. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ifunge mpaka iguse, kwa vidole viwili tu, usikaze, ncha yake inaharibika. Afu fungua raundi moja. Fanya hivo pande zote.

Hatua ya 6: waya. Injini imezimwa, zungusha akselereta polepole sana huku unaangalia mikono ya vipepeo. Inatakiwa ianze kusogea pamoja, sekunde ileile. Kama mmoja unatangulia rekebisha nati ya waya wake, na uache ulegevu kidogo ukiachia.

Hatua ya 7: sailensi. Zungusha mtaa mzima mpaka ipate moto wa kweli, rudi, weka feni mbele ya injini maana inapozwa na upepo na wewe umesimama. Weka viganja nyuma ya mabomba mawili, mbali kama shubiri, usikie pumzi. Zungusha skrubu za sailensi, upande mmoja mmoja, mpaka pumzi zilingane na resi zifike kama 1200 kwa dakika. Sasa rudi kwenye skrubu ya mchanganyiko ya kushoto, robo raundi, subiri, sikiliza, robo tena, tafuta pale resi zinapokuwa juu zaidi na mlio ni msafi. Hamia kulia. Resi zikizidi shusha kwa zile za sailensi, pande zote sawa. Usiguse vitu viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia.

Na usitafute mlio laini kama wa silinda nne. Kwenye injini hii pistoni moja ikiwa juu nyingine iko chini, inawaka mbili karibu karibu afu inapumzika, ta-ta, kimya, ta-ta. Nimeona watu wanahangaika kuondoa kitu ambacho ndo uzima wake.

Hatua ya 8: barabarani. Mi natoka nayo mpaka Pongwe. Sehemu iliyonyooka na salama, vuta robo tatu kwa muda, bana klachi uzime hapohapo, egesha pembeni, toa plagi ukiziachia kwanza zipoe kidogo. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe, petroli ni kidogo. Nyeusi ya masizi makavu, imezidi. Nyeusi inayong'aa kwa oili hiyo siyo kabureta, angalia ringi za pistoni na sili za valvu. Plagi moja kahawia nyingine nyeusi, rudi upande wa ile nyeusi, anza tena na daiframu.

Ukipanda nayo Lushoto itakuwa nzito kidogo na plagi zitapiga masizi, kule ni mita kama 1,400 na hewa ni nyepesi. Usiiguse, ukishuka itarudi sawa. Na kama unailaza zaidi ya wiki tatu, funga koki ya tenki na umwage petroli iliyomo kwenye vikombe.