"Hadi Ijumaa": ni by au until?

Kwenye Kiingereza cha ratiba, at, on na in hushikika haraka. At ni ya saa: at nine, yaani saa tatu kwa hesabu yetu. On ni ya siku na tarehe; in ni ya mwezi, mwaka na vipande vya siku. Siku ikitajwa pamoja na kipande chake, siku ndiyo inayotawala: in the morning, lakini on Monday morning. Usiku ni mkaidi tu, husemwa at night.

Mtego wenyewe uko kwenye "hadi" yetu. Tunasema "nitakuwa ofisini hadi Ijumaa" na pia "hadi Ijumaa nitakuwa nimemaliza". Neno moja, ila Kiingereza kinalipasua: until kwa hali inayoendelea mpaka hapo, by kwa jambo litakalokuwa limemalizika kufikia hapo. Niliwahi kumwandikia mtu I will send it until Friday. Kwa maneno hayo, nilikuwa namwahidi kumtumia barua hiyo hiyo tena na tena mpaka Ijumaa!

Kipimo changu siku hizi: weka "kufikia" mahali pa "hadi". Maana ikibaki ile ile, andika by. Ikiharibika, kama "nililala hadi saa nne asubuhi" ikigeuzwa "nililala kufikia saa nne asubuhi", ni until.

Halafu, kukiwa na next, last, this au every, usiweke on. Ni see you next Monday, basi.